Kwa nini taka zinatupwa ovyo: nimesukuma mkokoteni Tanga, sikubali kwamba ni elimu

Mleta mada ameuliza kwa nini sisi tunatupa taka ovyo, na wachangiaji karibu wote wamemjibu kwa neno moja: elimu. Samahani wakuu, mimi hapo sipo. Nimesukuma mkokoteni wa taka Makorora na Ngamiani karibu miaka mitatu, mpaka katikati ya 2019, na nyumba chafu kwa ndani nilizoziona ni za kuhesabu. Pita barabara yoyote ya Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi, utasikia mafagio. Ua unafagiwa mpaka mchanga unabaki na mistari. Halafu ufagio uleule unazisukuma zile taka hadi ukingoni mwa mtaro, na hapo kazi imekwisha. Mtu huyo utamfundisha usafi gani? Anaujua kukushinda wewe na mimi, ila wa kwake unaishia barazani.

La hela nilipitie haraka. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina kaya sita. Ukienda kudai ada ya taka ya mwezi, mwenye nyumba anasema wapangaji ndio wanaolipa, mpangaji anasema imo kwenye kodi. Asiyelipa tulimwachia taka zake. Tukidhani tumemkomoa, kumbe tumeukomoa mtaro.

Kuna jambo jingine nililolijua kwa macho tu. Kumwaga taka ghubani, yaani kwenye lile kontena la taka la mtaa, hatumwi baba, anatumwa mtoto. Sasa mdomo wa ghuba uko juu ya kichwa cha mtoto wa miaka minane. Anafanyaje? Anaweka ndoo chini, anaimimina ubavuni, anakimbia kwenda kucheza. Kesho mtu mzima akikuta lundo chini hahangaiki kunyanyua mikono, naye anamwaga hapohapo. Gari likichelewa siku nne, lundo linakuwa refu kuliko ghuba lenyewe, na mbuzi wameshapanda juu.

Wanaosema Mswahili habadiliki wakumbuke tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Kukutwa nayo tu faini ilianzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au ndani hadi siku saba. Mimi nilikuwa bado kazini. Rambo zilipungua mtaroni kwa macho kabisa, na akina mama wakatoa vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimelala uvunguni. Baadaye vikaja vile vifungashio laini, vya karanga, vya ubuyu, vya barafu, vikachukua kiti cha rambo. Lakini zile wiki za kwanza nilizishuhudia.

Sasa nije kwenye pampasi, maana hili sijaona mtu akilisema humu.

Nyumba ina watoto watatu wachanga, na kwenye taka wanazokupa hakuna pampasi hata moja. Mwezi mzima! Zinakwenda wapi? Alfajiri unazikuta mtaroni, zimefungwa vizuri kwenye kifungashio, fundo mbili. Mtu aliyefunga fundo mbili si mzembe. Bibi mmoja wa Makorora ndiye aliyenifungua macho. Nilimwamkia, tukasalimiana, nikamwambia kwa adabu, "Bibi, hizi zikiziba mtaro maji yanaingia kwako mwenyewe." Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, nikupe wewe. Wewe utampa nani?"

Sikuwa na jibu. Kutoka kwangu zinakwenda ghubani, ghubani wasaka chupa wanapekua kila mfuko, kisha zinakwenda dampo, na huko sijui mikono ya nani. Kwa bibi yule, choo cha mjukuu wake kimeshikwa na watu asiowajua, wanaoweza kumroga nacho, na jambo kama hilo Tanga yetu hulichezei. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini mkimaliza niambieni nani kati yenu anaacha nywele zake zikokotwe na upepo nje ya saluni.

Kuchoma? Utajibiwa, "Uchome haja ya mtoto, umtoe malengelenge makalioni?" Kutia chooni? Mwenye nyumba amekataza, kwa sababu shimo likijaa gari la kunyonya likija mpira unaziba, na dereva anadai nyongeza. Kwa hiyo mtu kakataliwa, moto umekataliwa, choo kimekataliwa. Umebaki mtaro, tena usiku.

Na madhara yake si ya kusimuliwa. Ndani ya pampasi kuna chembechembe zinazokunywa maji na kuvimba, ndiyo kazi yake. Kavu unaishika kwa vidole viwili. Ikilala mtaroni masika inakuwa kama mto wa kulalia, na mbili tatu zikikutana na vifuu vya nazi, maji hayapiti tena. Niliwahi kuona godoro la mpangaji limeanikwa juu ya bati siku tatu kwa ajili ya mtaro wa hatua kumi ulioziba. Vifuu vyenyewe na makopo ndiyo mazalia ya mbu wa dengi, yule anayeuma mchana. Mwaka 2019 dengi iliingia Tanga na Dar, na mimi nililala nayo, viungo vikaniuma mpaka nikashindwa kushika mpini.

Kinachopita mtaroni kinafika baharini. Kaka yangu anavua Sahare, na baada ya bamvua mikoko inabaki imevaa plastiki kama imeanikiwa nguo. Kasa akiona rambo inaelea anadhani konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, anameza. Wavu wake wa jarife nao ukitoka na pampasi, hapo sikuandikii maneno anayoyasema kaka.

Dawa aliitoa bibi yuleyule, si mimi. Siku moja akaniita mlangoni. Haja ameimwaga chooni, pampasi ameikosha kwa maji ya chumvi, ameikamua na kuifunga. "Chukua. Nikishaikosha kwa chumvi haina mtoto tena." Sikumuuliza chumvi inafanya nini. Nilipokea, nikashukuru, na kuanzia siku hiyo akawa ananiwekea kila Jumatatu.

Jirani zake wakaona. Wengine walimcheka, wengine wakaanza kununua chumvi. Nilipoacha kazi zilikuwa nyumba nne. Kuna mkuu humu amependekeza vibao vya faini; kibao kilikuwepo palepale, cha rangi nyekundu, na usiku hakisomeki. Kijana aliyerithi mkokoteni wangu nilimwonyesha zile nyumba nne, nikamwambia akipewa kifurushi chenye fundo mbili asikifungue na asiulize kitu.