Filta ya oili inavuja baada ya sevisi

Kaka, kama IST yako imeanza kudondosha oili tangu filta mpya ifungwe, usimruhusu fundi aikaze tena kwa spana ya mnyororo. Kukaza kupita kiasi kunaiminya raba ya filta, ile pete inayozuia oili, hadi inajikunja au kupasuka, na uvujaji unazidi.

Mwambie aifungue kwanza. Achungulie pale filta inapokaa kwenye injini: mara nyingi raba ya filta ya zamani hubaki imeganda pale, nyeusi kwenye uchafu mweusi, huioni mpaka upitishe kidole. Raba mbili zikikaliana, hata ukaze vipi oili itatoka tu, na injini ikipandisha presha inaweza kumwagika yote barabarani. Hilo ndilo la kuogopa.

Apanguse pale kwa kitambaa kisafi, apake oili mpya kidogo kwenye raba ya filta, kisha aizungushe kwa mkono. Ikigoma mwanzoni, nyuzi za kufungia filta hazijashikana vizuri, aanze upya. Raba ikigusa tu injini, aweke alama kwa maka, halafu aongeze robo tatu ya mzunguko. Basi. Ila maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi la filta yakisema tofauti, fuateni hayo.

Washa gari liungurume silesi, bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu huku mmoja anamulika chini kwa tochi. Zima, subiri oili ishuke, pima kwa stiki na ujazie iliyopungua. Kesho asubuhi kabla ya kuondoka angalia tena chini.