Watoto wakiona kamera wanaganda: nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka saba na wa kike mitatu. Nikiinua simu tu, wanaacha walichokuwa wanafanya: mkubwa ananyoosha vidole viwili, mdogo anakaza meno kama yuko kwa daktari. Nikiwavizia, picha inacheza, au sura zinatoka nyeusi, yanaonekana meno tu. Baba yao akaninunulia Canon ya mtumba yenye lenzi mbili, 18-55mm na 50mm f/1.8. Nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo yamezidi. Sitaki picha za studio. Nataka wakila, wakigombana, wakicheza rede. Nakosea wapi? (Mama wa Wawili, Tanga)

JIBU: Salama, dada yangu. Una matatizo mawili, na moja linamzaa mwenzake. Kwa kuwa watoto wanaganda, unavizia. Kwa kuwa unavizia, unapiga kwa haraka, gizani, popote walipo. Tuanze na lile la kamera, maana hilo linatibika leo hii.

Mtoto anayekimbia uani hashindwi kwenda mita tatu kwa sekunde. Shata, yaani pazia la ndani ya kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, ameshasogea sentimita tano kabla haijafunga, na sentimita tano usoni ni kutoka jicho hadi mdomo. Kwa 1/500 anasogea milimita sita tu. Ndiyo maana picha zako zinacheza, wala si mkono wako. Mtoto aliyetulia anachora au anakula, 1/125 inamtosha. Anayetembeatembea, 1/250. Wa rede, 1/500 au zaidi. Kwenye Canon zungusha gurudumu la juu hadi Tv, ambapo kasi ya shata unaichagua wewe, weka kasi hiyo, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache Auto ijipange yenyewe. Na badala ya One Shot, inayolenga mara moja ikatulia, weka AI Servo, ili fokasi, yaani ule ulengaji unaoifanya picha iwe kali, imfuate mtoto anavyosogea.

Utasikia watu wakikutisha kwamba ISO ikipanda picha inajaa chenga, vile vitone kama mchanga. Ni kweli, kwenye 3200 utaziona. Lakini picha yenye chenga inatazamika, iliyocheza haina dawa. Sebuleni kwangu imetundikwa picha ya kitindamimba wangu akilamba mwiko, ISO 6400, chenga tele. Mpaka leo hakuna mgeni aliyeniuliza habari za chenga.

Lenzi sasa. Canon nyingi za bei ya kawaida zina kitambuzi kidogo, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea picha, kwa hiyo 50mm yako inabana kama ya 80mm. Ndani ya sebule utajikuta mgongo umegusa friji na bado kichwa cha mtoto kinakatwa. Ndani tumia 18-55, lakini usiivute. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Kwenye 18mm inafunguka hadi f/3.5, ukiivuta hadi 55mm inaishia f/5.6, yaani mwanga unaopita unapungua zaidi ya mara mbili. Sogea wewe. Ile 50mm iweke kwa ajili ya uani na barazani, na jioni ambapo mwanga ni haba, kwani kwenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne ya ule wa f/3.5. Tahadhari ni moja: kwa f/1.8 fokasi ni nyembamba mno, jicho likiwa safi sikio limeshafifia, na mtoto hatulii. Zungusha gurudumu hadi M, ambapo tundu na kasi unapanga mwenyewe, weka f/2.8 na 1/250, ISO Auto. Kuna Canon kongwe ambazo kwenye M hiyo Auto haipandi wala kushuka. Ikiwa yako ni hivyo, weka 1600 mwenyewe.

Simu haina gurudumu hilo, na giza likiingia inapunguza kasi yenyewe bila kukuambia. Zima ile hali ya usiku, maana inaunganisha picha kadhaa na kila moja imemkuta mtoto mahali tofauti. Futa kioo cha lenzi kwa kanga safi, hasa ukitoka jikoni. Halafu mpeleke mtoto penye mwanga, nitakuambia jinsi.

Sura nyeusi. Naweza kubahatisha bila kuiona picha: mtoto ameupa mgongo mlango uliofunguliwa, na nje jua la Tanga linawaka. Kamera inauona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wa mtoto unakwenda nao. Hamia upande wa pili. Mlango uwe nyuma yako, nuru imwangukie yeye. Kwenye simu gusa uso wake kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kwa kidole. Kwenye Canon ukiwa Tv, sogeza fidia ya mwanga, ile mizani yenye + na - ya kuongeza au kupunguza weupe wa picha, hadi +1. Na kinyume chake kipo: mtoto mweusi akijaza picha nzima, kamera inadhani kuna giza na kumng'arisha mpaka ngozi inafanana na majivu. Hapo shuka kidogo chini ya sifuri. Kamera haijui rangi ya mwanao, inatafuta kijivu cha katikati tu.

Jua la utosi sipigi, macho yanageuka mashimo. Kama lazima, kaa barazani hatua moja ndani ya kivuli. Saa kumi hadi kumi na mbili jioni ndiyo saa yako, na kwetu huku jua likishazama giza halikawii. Usiku, taa nyingine za umeme zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukitumia kasi kubwa utaona mistari kwenye picha. Rudi 1/100. Fleshi usiiguse: ikiwaka mara moja tu, mchezo umekwisha.

Tuje kwa watoto wenyewe, na hapa sikubaliani nawe kabisa. Acha kuvizia. Mtoto anayeviziwa anajifunza kwamba mama akishika simu kuna jambo, naye anakaa macho. Kamera izoeleke kama chupa ya chai: iwe mezani siku zote, ishikwe, irudishwe. Wiki ya kwanza piga hovyo, ukuta, sufuria, paka. Mkubwa akinyoosha vidole viwili, mpigie, mshukuru, usiondoke. Atanyoosha tena. Mpigie tena. Ya nne au ya tano atachoka, na hapo ndipo picha yako inapoanza. Vidole hivyo tumewafundisha sisi, kwa “cheka”, “tazama huku”, “kaa vizuri”. Na usikimbilie kumwonyesha kila picha, maana ukimwonyesha moja atataka kuangalia zote na mchezo kausahau. Waonyeshe usiku.

Mwanga uandae kabla yao. Kama wanakula kwenye mkeka, mkeka utandikwe karibu na dirisha kabla ya chakula kuiva. Wengine wanasema huko ni kupanga, picha si ya kweli tena. Mimi naona mkeka kuhamishwa si kosa, kosa ni mtoto kuhamishwa. Kisha keti kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Sitanii: kimo chake kinakuweka sawasawa na macho ya wa miaka mitatu, na hakuna mtoto anayeshangaa kumwona mama kwenye mbuzi. Zima mlio wa shata. Subiri mikono yao iwe na kazi, embe, nyuzi, sabuni, nywele zinasukwa. Mikono ikishughulika, uso unajisahau. Piga tatu nne mfululizo, shusha kamera, ongea nao, piga tena. Na usiondoe ndoo na ndala zilizotapakaa, hiyo ndiyo nyumba yenu.

Kwenye rede usimfukuze mpira. Chagua mahali ambapo mtoto lazima apite au aruke, lenga hapo, umngoje.

Ugomvi piga, ila akilia kwa maumivu weka kamera chini kwanza. Za kuoga zibaki nyumbani, zisiende kwenye status, na zenye nembo ya shule fikiri mara mbili. Bibi akitaka nakala safi, mtumie WhatsApp kama faili la hati, kwani ikienda kama picha ya kawaida inabanwa. Lakini faili hilo linabeba pia mahali ilipopigwa, kama simu yako inarekodi. Zima kurekodi mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu.

Nimesahau moja, na huenda ndiyo iliyokutesa. Ubavuni mwa lenzi kuna kiswichi chenye AF (kamera inalenga yenyewe) na MF (unalenga wewe kwa mkono). Vifaa vya mtumba huweza kufika kikiwa MF, na kikiwa hapo kamera haitafuti fokasi kabisa. Kitazame kabla ya yote niliyoandika hapa.