Kabla ya kusifu kaboni yako, rudi kwenye beseni la kuoshea

Msomaji anauliza: kaboni yake ya makapi ya miwa, yaani mkaa wenye vitundu vingi wa kusafishia maji, ilinasa karibu tetrasaiklini yote (dawa ya kuua bakteria) kwenye maji safi, mbona kwenye maji taka imemwangusha? Ndugu yangu, usikimbilie kulaumu tanuri. Angalia kwanza ulivyoosha.

Upikaji hauna makuu. Kausha makapi kwa nyuzi 105 usiku kucha, yageuze mkaa kwa nyuzi 500 ndani ya naitrojeni, changanya gramu 1 ya mkaa na gramu 2 za potasiamu haidroksaidi, kisha rudisha tanurini saa 1 kwa nyuzi 700, bado ndani ya naitrojeni. Tumia chombo cha nikeli, maana haidroksaidi hula kauri na kioo. Usifungue tanuri kabla halijapoa. Kaboni ya moto ikikutana na hewa huwaka.

Kuosha ndiko kwenye kazi. Maji ya moto, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, maji ya moto tena. Wengi huacha maji yakishatoka maangavu, na hapo ndipo wanapojidanganya. Alkali, yaani mabaki ya ile haidroksaidi, iliyojificha ndani ya vitundu hutoka polepole. Loweka kaboni usiku kucha, pima asubuhi. pH, kipimo cha asidi na alkali, ikisoma 9, endelea kuosha. Alkali hiyo huharibu tetrasaiklini na kusogeza kilele chake cha nanomita 357 hivi, yaani wimbi la mwanga ambalo dawa hiyo hulifyonza sana. Mashine inayopima mwanga uliofyonzwa itakuonyesha dawa imepungua, kumbe kaboni haijanasa kitu.

Kwenye jaribio la kunasa, anza na miligramu 50 za kaboni kwenye mililita 100 za dawa yenye miligramu 50 kwa lita. Pembeni weka chupa ya dawa bila kaboni na ya kaboni bila dawa, zote zifungwe karatasi ya aluminiamu, kwani mwanga nao huvunja dawa. Zote zipite chujio la aina moja: nailoni hunasa dawa yenyewe, kwa hiyo mwaga mililita chache za mwanzo.

Hata kaboni iliyooshwa vizuri itashuka kwenye maji taka, kwa sababu uchafu wa mboji hugombea nafasi na kuziba vitundu. Namba kubwa ya iodini, yaani kiasi cha iodini ambacho kaboni hunasa, isikulevye: iodini ni ndogo, hupenya mahali tetrasaiklini haiingii. Na kwenye maji taka pima kwa kromatografia, njia inayotenganisha dawa na uchafu kabla ya kupima, kwa maana uchafu huo nao hufyonza mwanga wa urujuanimno.

Kaboni iliyoshiba bado imebeba dawa. Usiimwage shambani wala mtaroni. Ipeleke kwenye tanuri la kuchomea taka.