Uji Ulioniunguza Kabla Sijajua Kuchora

Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, aliniandikia hivi: "Kaka, mimi kuchora sijui kabisa. Naona watu wanasisitiza storibodi, ile michoro ya kila kipande kabla ya kushuti, lakini video yangu ninayo yote kichwani. Nikiiruka hiyo hatua kuna ubaya?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikakauka, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe mbele ya mteja, mwaka 2019, na yaliniponza vibaya. Hadithi hii sijawahi kuisimulia hadharani. Leo naisimulia kwa kuwa wiki iliyopita nimekabidhi kazi ambayo mteja aliikubali siku hiyo hiyo bila kubadilisha hata sekunde moja, na sasa angalau nina kifua cha kuzungumza.

Mteja wa mwaka ule alikuwa kiwanda kidogo cha unga wa uji huko Industrial Area. Tulielewana laki moja na elfu themanini, nusu kabla ya kazi, nusu ikishakubaliwa. Tangazo la sekunde sitini: mama anaamka alfajiri, anapika uji, mtoto anakunywa, anatoka mbio kwenda shule. Mwenye kiwanda, mama mmoja mpole sana, aliniuliza kikaoni, "Unaweza kunionyesha itakavyokuwa?" Nikagonga paji la uso wangu kwa kidole. "Mama, filamu iko hapa."

Bado nakisikia kile kidole.

Tulishuti mwezi wa saba, nyumbani kwa shangazi yangu, Umoja. Anayeishi Nairobi anaujua mwezi wa saba: asubuhi mawingu yametanda na baridi imekaza, saa saba jua linachungulia bila taarifa, saa tisa limerudi kujificha. Tulikuwa watu watano, kamera ya kukodi na taa mbili. Kwa kiburi changu nilitaka kuanza na picha ya mvuke ukipanda kutoka kwenye kikombe cha uji. Jikoni kwa shangazi ukuta ni mweupe, na dirisha lilikuwa nyuma ya kamera. Tukapika, tukamimina, nikatazama kwenye kioo cha kamera: hakuna mvuke. Uji ulikuwa wa moto kweli, maana msaidizi wangu aliuonja akaungua ulimi, lakini kwenye picha ulikuwa kama umelala tangu jana. Tukachemsha tena. Na tena. Mara tano. Ukashika utando juu, ukawa mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Saa tano hatujatoka jikoni, na pakiti tuliyoletewa ilikuwa moja tu, nusu imeshaliwa na sufuria.

Yaliyofuata siku ile siyasimulii. Tulikimbizana na mwanga kama watu wanaofukuzwa.

Aibu yenyewe ilikuja wakati wa kuhariri. Kwenye kipande cha kwanza mama anamtazama mtoto, uso umeelekea kulia. Kipande kinachofuata mtoto anamtazama mama, naye uso umeelekea kulia. Nilikuwa nimehamisha kamera upande wa pili wa meza kwa sababu kule kulikuwa na nafasi ya tripodi, basi. Nikaviunganisha, wakaonekana kama abiria wawili wanaongoja matatu moja. Mtoto anakunywa uji akiwa na sweta, akifika mlangoni hana sweta, akiwa barabarani analo tena. Na pakiti ya unga, ile iliyotulipa sisi sote, ilionekana kwa sekunde moja na nusu ikiwa imeipa kamera mgongo. Kilichosomeka vizuri ni ile mistari myeusi ya kupigia bei dukani.

Yule mama aliitazama mara mbili mpaka mwisho. Akauliza kwa upole ule ule, "Mwanangu, unga wangu uko wapi?"

Elfu tisini zilizobaki sikuziona. Za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda kwa kamera, waigizaji na chakula. Nimejifunza kutomlaumu, au nusura nijifunze. Miezi mitatu baadaye nikiwa ndani ya matatu kwenye Jogoo Road, skrini ya mbele ikaonyesha tangazo la unga ule ule, limeshutiwa na watu wengine, na mvuke unapanda taratibu mbele ya ukuta mweusi. Nilishuka Hamza, vituo kadhaa kabla ya kwangu, nikatembea.

Usiku ule nilichukua daftari la mpwa wangu na pensili, nikasema nichore kile kikombe, nione kosa langu lilikuwa wapi. Kikombe kikachorika. Ikaja zamu ya mvuke. Sasa jaribu mwenyewe: chora kitu cheupe juu ya karatasi nyeupe. Hakionekani. Ili kionekane, lazima upake weusi nyuma yake kwanza. Nilibaki na pensili mkononi. Karatasi ya shilingi chache ilikuwa imeniambia kwa dakika mbili jambo ambalo sufuria tano za uji hazikuniambia: weka giza nyuma, leta mwanga kutoka nyuma ya kikombe, mvuke utajitokeza wenyewe.

Ndiyo maana nachoka nikisikia storibodi ni mambo ya watu wenye bajeti kubwa au waliosomea uchoraji. Ni kweli ilianzia kwenye katuni, studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wachoraji wakibandika michoro ukutani kwa mpangilio ili hadithi ionekane nzima kabla haijachorwa rasmi. Lakini mtu ninayempenda mimi ni Satyajit Ray wa India. Kabla ya kuongoza filamu alikuwa mchoraji kwenye kampuni ya matangazo. Filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1955, hakuwa na skripti kamili. Alikuwa na daftari la michoro. Alizunguka nalo akiwaonyesha wenye pesa, wengi wakamrudisha mikono mitupu, na kazi ikasimama zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha. Mnaona tulivyo ndugu? Tofauti ni kwamba yeye alibisha hodi akiwa na kitu cha kuonyesha, nami nilikuwa na paji la uso.

Turudi kwenye kazi ya wiki iliyopita, maana hiyo naisimulia kwa raha. Chama cha waendesha boda boda kilitaka video fupi ya usalama barabarani. Nilichora vipande ishirini na viwili kwenye daftari, watu wa vijiti watupu, nikaenda nalo kwenye kikao chao chini ya kibanda cha mabati. Mwenyekiti akafungua, akavaa miwani, akafika mchoro wa saba akasimamisha kidole.

"Mwalimu, huyu abiria wako mbona hana helmeti?"

Alikuwa sahihi. Sheria ya Kenya inamtaka abiria pia avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, si mwendeshaji peke yake. Mimi nilikuwa nimechora kichwa kitupu kwa uvivu. Wakabishana dakika ishirini, wengine wakisema abiria wenyewe huzikataa zile helmeti kwa sababu ya nywele. Bishano hilo likazaa kipande bora kuliko vyote nilivyopanga: mwanamke anatoa kitambaa mkobani, anajifunga kichwa, ndipo anavaa helmeti. Nilifuta mchoro kwa raba nikachora upya. Fikiria kosa hilo lingegunduliwa baada ya kushuti. Siku nzima ya kukodi kamera, pikipiki, waigizaji, yote tena.

Siku ya kazi tulimaliza saa nane mchana. Saa nane! Watu wangu walidhani nimesahau kitu.

Basi nisikilizeni, na hasa ninyi mnaonunua lenzi mpya kila mkipata deposit. Sote tunataka majina yetu yaonekane mwisho wa video, najua. Lakini lenzi haitakwambia pakiti imegeuka. Gawanya ukurasa miraba sita. Video ni ya simu, chora miraba ya kusimama, ni ya televisheni, chora ya kulala. Weka mshale kila uso uonyeshe unatazama wapi. Andika pembeni nguo aliyovaa, saa ya mwanga na kama hapo mahali panahitaji kibali. Mwonyeshe mteja. Akinyamaza, mwulize tena. Chora kabla hujapiga hesabu ya bei, maana kipande cha usiku barabarani hakina bei moja na kipande cha sebuleni. Ukiambiwa hakuna muda wa kuchora, hapo ndipo uchore zaidi. Nimesema chora? Chora.

Na wewe kijana wa Zimmerman, nikujibu: ndiyo, kuna ubaya. Wangu ulikuwa wa elfu tisini na safari ya miguu kutoka Hamza. Nitumie picha ya ukurasa wako wa kwanza kabla ya Ijumaa. Usiutie rangi, usiurembe, na usinieleze kwa sauti kilicho ndani yake. Nikishindwa kukielewa mwenyewe, nitakuambia ni mchoro wa ngapi.