Ukikwama kwenye urukaji kwa vyombo

Ilikuwa asubuhi ya Julai, nikijifunza kurusha ndege kwa kusoma vyombo tu bila kuona nje, na tulikuwa tumepaa kutoka uwanja wa Wilson tukaingia lile wingu zito la Nairobi la msimu wa baridi. Tulipomaliza kona ndefu ya kushoto na kunyoosha mabawa, nikahisi ndege imelalia kulia. Niliisikia shingoni, kiunoni, hadi kwenye nyayo. Nikaanza kuirudisha kushoto. Mwalimu hakugusa usukani.

"Usisikilize kiuno. Soma mlalo."

Nikatazama mlalo, kile chombo cha bluu na kahawia kinachoonyesha ndege imelalia wapi. Bawa la kushoto lilikuwa limeshuka digrii 20, na mimi ndiye niliyelishusha.

Kama uko hapo sasa, fahamu kwamba huna kasoro. Ndani ya sikio mna mifereji yenye majimaji. Ukikaa kwenye kona kama sekunde 20, majimaji yanatulia na unaacha kuhisi kwamba unageuka. Ukinyoosha ndege, yanasukumwa upande wa pili, na ubongo unaapa kwamba umeinamia huko. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo katika hali ya wingu la kuigiza. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Kwetu hapa milima ya Ngong iko jirani, na vilele vyake vinazidi futi 8,000. Kwa hiyo jambo hili si la mtihani tu.

Kilichonisaidia kwanza ni kusema kwa sauti. "Mlalo sawa. Kimo 8,500. Mlalo. Mwelekeo 270. Mlalo." Kila chombo ninachosoma, narudi kwenye mlalo kabla ya kwenda kingine. Kabla ya hapo nilikuwa nang'ang'ania altimeta, kipimo cha kimo: nafukuza futi 100 zilizopotea, na nikiinua macho mwelekeo umekwenda digrii 15. Mdomo ukitaja, jicho haligandi. Pia nilijifunza kuiweka ndege sawa kwa trimu, kidhibiti kinachoifanya itulie bila kuisukuma, kisha kushika usukani kwa vidole viwili na gumba. Nikiukamata kwa ngumi, kila wasiwasi wangu unafika kwenye mabawa.

Mzunguko wa kusubiri, ule unaorushwa angani ukingoja ruhusa ya kuendelea, ndio ulionitoa machozi. Kwenye karatasi ni rahisi: unageuka kulia digrii 3 kwa sekunde, kwa hiyo nusu duara ni dakika moja, mguu wa kwenda dakika moja, na mzunguko mzima dakika nne. Angani upepo unakusukuma, redio inaita, na hujui hata uingie kwa upande gani. Wiki tatu nilikosea kuingia.

Nikauhamishia sebuleni. Mtungi wa gesi ukawa VOR, kituo cha redio cha kuongozea ndege, nikabandika utepe sakafuni kuonyesha mstari wa kuingilia, na mdogo wangu akashika saa ya simu. Alikuwa akipaza sauti, "Upepo kutoka mlangoni!" nami nageuza mwili kidogo kuelekea mlangoni huku nikiendelea kutembea. Jioni nne hivi, miguu ikaelewa kile ambacho kichwa kilikataa. Jaribu hata kama unaona aibu. Haigharimu chochote, na saa moja ya ndege unajua bei yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kuharakishwa utoke kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Pale unaweza kumwomba mwalimu asimamishe kila kitu, mkazungumza ulipoachwa nyuma, mkaanza tena. Na ukiwa na safari tatu mbaya mfululizo, omba mapumziko ya siku chache. Mimi nilichelewa kuomba, nikalipia saa ambazo sikujifunza kitu.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza ile hisia ya kulalia upande huisha lini. Kwangu haijaisha. Wiki iliyopita, tukishuka kwa ILS, mawimbi ya redio yanayoongoza ndege hadi kwenye njia ya kutua, kuelekea njia 06 ya uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), ilinijia tena tulipotoka kwenye kona. Nikataja mlalo, nikataja mwelekeo, nikataja mlalo. Tulipotoka chini ya wingu, taa za njia zilikuwa mbele yetu, kushoto kidogo.