Achana na msumari kwenye siki, chukua mrututu

Walimu wenzangu wa kemia, mkitaka kuonyesha darasani uhusiano wa asidi na kuyeyuka kwa metali, lile jaribio la msumari kwenye siki liacheni. Kipindi kinakwisha, msumari bado msumari. Tena hata likikubali, linaonyesha chuma kikiliwa na asidi na kutoa haidrojeni. Wanafunzi wangu huuliza jambo jingine: metali ikishayeyuka majini, kwa nini mara inabaki humo, mara inashuka chini?

Mimi hutumia mrututu, ile chumvi ya shaba ambayo wakulima wa kahawa wanaijua kwa kupigia chulebuni, ugonjwa wa kahawa. Vaeni miwani ya kinga kwanza. Yeyusha robo kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, jaza nusu testi tyubu, kisha dondosha alkali, yaani sodiamu haidroksaidi hafifu, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Tone la kwanza huacha wingu la bluu iliyopauka. Ukitikisa, huenda likapotea. Endelea. Karibu na pH 6 (pH ni kipimo cha uasidi; namba ikishuka, asidi imezidi) wingu linagoma kuondoka: shaba imekuwa haidroksaidi, inajikusanya kama jeli. Sasa dondosha asidi ya haidrokloriki hafifu. Bluu angavu inarudi. Ongeza alkali, wingu hilo tena! Wape wale wa dawati la nyuma bomba wafanye wenyewe.

Usishawishike kutumia ndimu. Asidi yake inaishika shaba yenyewe, kwa hiyo hutajua kilichoiyeyusha ni pH au ni huko kushikwa. Magadi nayo, ukiyatumia kama alkali, yataleta mapovu ukitia asidi, na darasa zima litatazama mapovu. Amonia ndiyo mbaya zaidi: ikizidi, mashapo (lile wingu) yanayeyuka kwenye alkali na somo linageuka kichwa chini.

Kisha wapeleke shambani. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na mizizi ya mahindi hudumaa. Ndiyo sababu moja ya mkulima kuambiwa aweke chokaa, ipandishe pH.

Mabaki usimwage sinki, shaba ni sumu kwa samaki. Kusanya kwenye ndoo ya plastiki, tia chokaa hadi karatasi ya pH isome 9, yatuame usiku kucha, uchuje. Tope likaushe, ulihifadhi kwenye kopo lenye lebo. Kama kuna mbishi aliyejaribu ndimu, testi tyubu yake itenge. Shaba yake haitashuka vizuri.