Karatasi ya biskuti anaisikia, jina lake haitikii

SWALI: Mama Muuguzi, nakusalimu. Mtoto wangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3. Alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa anasema "mama" na "mai", kisha maneno yakapotea. Nikimwita hageuki, lakini nikifungua biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Anaweza kukaa saa nzima akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari. Mama mkwe anasema tunamchanganya: mimi namsemesha Kiswahili, yeye Mashi, baba yake Kifaransa. Jirani anasema ni chanjo. Wote wananiambia ningoje. Nifanye nini? — Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Usingoje, mwanangu. Maneno yaliyokuja kisha yakapotea yanatosha kumpeleka mtoto kwa daktari wiki hii, hata pasipo dalili nyingine.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kwenye mizani ya watoto, mama mmoja alinieleza karibu haya haya. Nikamjibu kwamba wavulana huchelewa kusema. Aliporudi, mtoto alikuwa na miaka 5.

Anza na masikio. Kusikia karatasi ya biskuti si kusikia kila kitu: kuna watoto wanaosikia sauti fulani na kukosa nyingine. Apimwe vizuri.

Kisha angalia habari ya kidole. Jioni mkiwa nje, mtumbwi ukionekana ziwani, unyooshee kidole useme "Tazama!" Macho yake yanafuata? Na yeye, huwa anakuonyesha kitu, si kwa kukiomba, ila ili mkione wote wawili, kisha anakugeukia usoni? Watoto wengi huwa wanafanya hivyo muda mfupi baada ya kutimiza mwaka. Au anakushika mkono, anaupeleka kwenye kikombe bila kukutazama, kana kwamba mkono wako ni kijiko? Yote uyaandike na tarehe. Piga video kwa simu, dakika mbili akicheza, dakika mbili ukimwita. Mbele ya daktari mtoto anaweza kulia tu au kulala, na yale unayoyaona nyumbani yasionekane.

Mambo haya yanaweza kuwa usonji, yaani ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti katika kusema na kuhusiana na watu, ambao madaktari wetu huuita otisme, na yanaweza kuwa kitu kingine. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha. Hutambuliwa kwa kumwangalia mtoto kwa makini na kukuuliza wewe uliyemlea. Ipo fomu ya maswali 20 iitwayo M-CHAT-R, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na kwa Kifaransa ipo. Wako bado yumo. Muulize daktari wa watoto. Fomu hiyo inaonyesha tu kama mtoto achunguzwe zaidi, haitoi hukumu. Daktari akikuandikia barua ya kwenda Sosame, kituo cha afya ya akili hapa Bukavu, nenda bila haya, hata majirani wakisema ni kwa wagonjwa wa akili.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba lugha tatu hazileti usonji. Bukavu yetu imejaa watoto waliokua nazo. Chanjo nayo haina kosa. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza uvumi huo ilichapwa Uingereza katika jarida la Lancet, na jarida lenyewe likaifuta mwaka 2010. Mmalizie chanjo zake, maana surua inaua watoto hapa kwetu.

Na vile vifuniko, usimnyang'anye. Kaa chini pembeni yake, uvishike wewe, umpe kimoja kimoja. Kila mara kiinue karibu na uso wako, sema "kifuniko", nyamaza kidogo. Akikutazama, hata kufumba na kufumbua tu, mpe.